Dosari Mia Mbili na Kumi na Nne

Benchi letu liko kwenye kona, limeegemea ukuta wa studio yangu. Lina miguu miwili ya mbao na miwili ya chuma, kwa sababu ile mingine ya mbao ilioza na aliyeahidi kuleta mipya akahama mtaa. Studio yenyewe ni chumba kimoja: kompyuta, pazia la kijani, viti viwili, na kalenda isiyogeuzwa na mtu. Nakata video za harusi, za mahafali, za watu kuagana kazini. Sikusomea popote. Nilijifunza kwa kubonyeza kitufe kimoja kimoja nione kinafanya nini, na nilichoharibu nilikirudia mpaka kikakaa. Kwenye benchi hukaa Wembe, kinyozi wa mlango wa pili; Sindano, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara; na Desimali, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye hana duka wala ofisi ila hilo benchi. Kahawa ni ya Mama Birika, anayekaa pembeni na jiko lake na kujua habari za kila nyumba, maana mtu akishika kikombe cha moto mdomo nao hufunguka. Mimi wananiita Kiberiti. Sababu wanaijua wao.

Siku hiyo nilitoka nje saa nane mchana nikitabasamu.

— Kiberiti ana meno! Wembe akapiga kelele. Mwalimu, angalia saa, iandike mahali.

— Nimeweka toleo jipya, nikasema. Programu zote za kazi. Ya video, ya sauti, ya rangi, ya maandishi. Zile za zamani nimezifuta.

— Zile ulizokuwa unazitukana kila asubuhi?

— Hizo hizo.

— Sasa mimi nitajuaje kumekucha? Sindano akauliza. Nilikuwa nafungua duka nikisikia matusi yako.

Nikakaa, nikapokea kikombe, nikawaeleza. Miaka tisa nilikuwa na toleo moja, kila kitufe nakijua bila kuangalia. Nilikuwa naliogopa hili jipya, sifichi. Na asubuhi lilipofunguka, nusu saa ya kwanza nilitaka kuitupa kompyuta dirishani. Mkasi wameuhamisha kutoka kushoto kwenda kulia. Cha kurudisha nyuma wamekipinda kama ndoano. Na kila nikigusa kitu, kidirisha kinachomoza kuniuliza kama ningependa kufundishwa. Mimi! Nikakifunga. Kikarudi. Nikakifunga kwa kukibonyeza mara nne, kwa nguvu, kikome.

— Kikakoma? Wembe akauliza.

— Kikaniuliza kama nimeridhika na huduma.

Wakacheka mpaka Desimali akaweka kikombe chini.

— Lakini ngojeni, nikasema. Baada ya hapo, jamani. Kuhifadhi harusi nzima ilikuwa saa moja na nusu, kompyuta inanguruma kama mashine ya kusaga. Leo dakika tisa. Kimya. Nimeishika nione kama bado ina uhai.

— Ndiyo maana hukuja, Wembe akasema. Ulikuwa unakuja kunyolewa ndevu harusi ikijihifadhi. Hao watu wameninyang'anya mteja.

— Halafu inatafuta maneno. Unaandika "keki", inakupeleka kila mahali mtu alipotamka keki.

— Andika jina langu, Sindano akasema.

— Nimeandika. Hukutajwa katika harusi yoyote.

— Magauni yote yale nimeshona mimi!

— Magauni yametajwa sana.

— Na ile harusi yenye jenereta? Mama Birika akauliza kutoka kwenye jiko lake. Ile ambayo bwana harusi aliapa, hatukusikia ameapa nini?

— Nimeondoa jenereta yote. Sasa anasikika mpaka anapomeza mate. Ameapa vizuri tu.

— Afadhali, Mama Birika akasema. Mkewe alikuwa na mashaka.

Nilikuwa nimeridhika, nakwambia. Jua liko nyuma ya jengo, kahawa ina ukali wake, na ndani kuna mashine inayonitii. Ndipo nikawaambia kile kilichonitoa nje.

— Mnamkumbuka Fundi Geti alivyoongea kwenye harusi ya binti yake?

Nani asiyemkumbuka. Nusu ya mageti ya mtaa huu kayachomelea yeye. Na kila mtu anakijua kigugumizi chake: mzee anaanza neno, neno linakataa, anasimama nalo hapo mpaka mmoja wao ashindwe. Binti ni mmoja, hana mwingine. Kwenye harusi, wiki tatu zilizopita, mzee alishika kipaza sauti dakika kumi na moja.

— Sasa, nikasema, hili toleo jipya lina kitufe kinaitwa "Safisha Mazungumzo". Nikaiweka hotuba ya mzee, nikabonyeza. Ikafikiri kidogo. Ikaandika: "Dosari mia mbili na kumi na nne zimepatikana. Ziondolewe zote?" Nikabonyeza ndiyo. Kufumba na kufumbua, dakika kumi na moja zimekuwa nne. Tazameni.

Nilikuwa nimeihamishia kwenye simu. Wakainamia, vichwa vitatu juu ya kioo kimoja. Fundi Geti amesimama na koti lake la kahawia, anaongea. Maneno yanateremka moja nyuma ya jingine, laini, kama mtangazaji wa redio. Anamshukuru mkwewe. Anawakaribisha wakwe. Anamwambia binti yake asisahau nyumbani.

— Huyu siye, Sindano akanong'ona.

— Ndiye! Maneno ni yake yote. Sijaongeza hata moja.

— Lo! Wembe akashika kiuno. Mzee ana sauti nzuri kumbe. Hatukuwahi kuisikia imenyooka.

— Saa kumi anakuja kuichukua, nikasema. Kuna jirani yake anasafiri jioni hii, ndiye anayempelekea binti. Huko alikohamia na mumewe ni mbali, mzee mwenyewe hajui watakutana lini, na kwa mtandao wa huko video haifiki. Anabeba flashi moja tu, na harusi yenyewe imekwisha kuijaza, imebaki nafasi ya hotuba moja. Nitakachokiweka humo ndicho binti atakachobaki nacho. Sasa naweka ndefu au naweka hii?

— Swali gani hilo! Wembe akasema. Weka hii, umfute machozi mzee wa watu. Mimi naona hivi: hiyo programu ina masikio. Imemsikia anahangaika, ikamwonea huruma. Mashine za zamani hazikuwa na huruma, sasa wamezitia.

— Haina huruma. Inatafuta pasipo na sauti, inakata.

— Ndivyo ulivyoambiwa.

— Sikuambiwa na mtu! Nimesoma mwenyewe!

— Taratibu, Kiberiti. Mimi nataka unifungie moja kwenye kiti cha kunyolea. Nina mteja anayesimulia ugomvi wake na jirani juu ya mfereji, tangu nampaka povu hadi namfuta. Nibonyeze tu, kibaki kichwa.

Sindano alikuwa amekunja uso.

— Langu ni jingine. Nikikata gauni, vipande vinavyobaki najua viko wapi. Viko kwenye gunia chini ya meza. Wewe umekata dakika saba. Viko wapi vipande?

— Havipo. Ni kimya, Sindano. Kimya hakiwekwi kwenye gunia.

— Usinidanganye mimi, nashika mkasi kuliko wewe. Hakuna kinachokatwa kikakosa mahali pa kuangukia. Hao wenye programu wanavikusanya. Wewe dakika saba, mwenzako huko dakika tatu, dunia nzima. Mwisho wa mwezi wana ghala zima la kimya.

— Wakifanyie nini?

— Wauze! Kuna watu wanaishi juu ya karakana. Kuna wenye jirani anayefuga majogoo. Mimi mwenyewe nina watoto sita, nipimie hata robo nikaweke chumbani.

Desimali akakohoa. Akikohoa hivyo, ujue hesabu imeiva.

— Twende polepole, akasema. Dakika kumi na moja zimebaki nne. Yaani katika kila kumi na moja, saba zilikuwa za kutafuta neno. Mchukueni mtu wa miaka sitini na sita. Gawanya kwa kumi na moja?

— Sita, Wembe akajibu upesi, akajishangaa.

— Zidisha mara nne.

— Ishirini na nne.

— Basi huyo mtu ameishi miaka ishirini na minne. Arobaini na miwili yote alikuwa amesimama mdomo wazi. Mkisafisha mtaa mzima kwa kitufe hicho, hapa hakuna mzee hata mmoja.

— Na wewe mwalimu una mingapi? Wembe akauliza.

— Sabini na saba.

— Toa dosari.

— Ishirini na minane, Desimali akasema bila kucheka. Ndivyo ninavyomwambia daktari kila mwezi, haniamini.

— Basi hiyo miaka yenu mingine iko ghalani! Sindano akasimama kabisa. Si nimesema? Twende tukaidai! Kiberiti, hapo kwenye programu hakuna namba ya simu?

— Kuna kidirisha cha maoni.

— Andika sasa hivi. Andika mwalimu anataka miaka yake arobaini na tisa.

Hapo tulicheka mpaka mpita njia mmoja akageuka kutazama. Aliyekuwa hacheki ni Mama Birika. Alikuwa anapangusa kikombe ambacho kilikwisha kauka.

— Ile ndefu umeifuta? akaniuliza.

— Mimi sifuti kazi ya mtu, mama. Ipo.

— Nionyeshe tena hiyo fupi. Pale anapofika kwenye "mwanangu".

Nikamsogezea simu. Akatazama, akanirudishia.

— Mimi nilikuwepo, akasema. Nilikuwa napita meza kwa meza. Alipofika kwenye "mwanangu", neno likakataa kabisa. Nilikuwa nimeinamisha birika, kahawa haijatoka, nikabaki hivyo hivyo. Ukumbi mzima hakuna aliyegusa kijiko. Binti akainuka kwenye kiti chake, na gauni lile refu...

— Mita sita, Sindano akasema.

— ...akaenda mpaka alipo baba yake. Hakumsemea. Hakumpigapiga mgongo. Alisimama tu, anamtazama mdomoni, kama mtu aliyeteleka maji na anajua yatachemka. Likatoka. Ndipo watu wakapiga makofi, na mimi nikamimina. Sasa hapo kwako, binti anainuka saa ngapi?

Jibu nililijua. Kwenye ile fupi binti yuko kwenye kiti, halafu ghafla yuko ubavuni kwa baba yake. Anaruka. Niliuona mruko huo mapema, nikafanya kile tunachofanya wote wa kazi hii: nikaufunika kwa picha ya keki. Sekunde tatu za keki, ukirudi kwa mzee, binti amekwisha fika. Na nilijisifu, maana ilikaa vizuri.

— Kuna keki hapo, Wembe akasema, akiwa ameichungulia simu tena. Keki nzuri.

Nikaona joto linanipanda.

— Mama, huyo mzee amechekwa tangu shule! Mara moja tu katika maisha yake asikike amenyooka, kuna ubaya gani?

— Sijasema kuna ubaya.

— Maneno yote ni yake! Sijaongeza hata herufi!

— Sijasema umeongeza.

— Sasa unasema nini?

— Nasema kahawa yako inapoa.

Nikainywa kwa mkupuo, ikaniunguza; haikuwa imepoa hata kidogo. Wembe akatazama barabara. Mimi ni mtu wa kusema kitu kama kilivyo, na ndicho kilichokuwa kikiniudhi: nilishindwa kusema hii ni kazi nzuri, na nilishindwa kusema ni mbaya. Nilikuwa nimeshaanza kumtetea mzee mbele ya watu ambao hawakumshambulia.

— Mwulizeni mwenyewe, Desimali akasema, akaonyesha kwa kidevu.

Fundi Geti alikuwa anavuka barabara, nusu saa kabla ya wakati, na shati safi, mikono ina alama ndogo ndogo za cheche. Tukamsalimu.

— Shikamoo mzee.

— Mara... akaanza. Tukamngoja. — Marahaba.

Wembe akampisha mahali pake. Mama Birika akampa kikombe bila kuulizwa. Nami nikaona nisizunguke.

— Mzee wangu, nina mbili. Kuna ndefu, kama ulivyoongea siku ile. Na kuna hii, imesafishwa na mashine. Nimeifanya bila kukuuliza. Itazame, useme wewe.

Akaishika simu kwa mikono miwili, mbali na uso, kama wenye umri wake wanavyoshika. Akatazama dakika zote nne. Kwanza hakuonyesha kitu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, nikatamani ardhi inimeze. Alikuwa anacheka.

— Tena, akasema.

Akaitazama tena. Safari hii alikuwa anafuata kwa midomo, kama mtu anayejifunza wimbo. Ilipokwisha akaigeuza simu, akaangalia nyuma yake, akaigeuza tena.

— Imetoa nini humu?

— Dosari mia mbili na kumi na nne, Desimali akaropoka kabla sijamzuia.

Mzee akahesabu kimoyomoyo.

— Nilidhani z... zaidi.

Benchi zima likaangua kicheko, na yeye ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Wembe akanipiga bega. Sindano akasema si unaona, mpe hii, akamwonyeshe mkwewe. Nami moyo ukanitulia. Nikanyanyuka niingie ndani nikaiweke kwenye flashi.

— Ngoja, fundi, mzee akasema.

Nikakaa. Akaweka kikombe juu ya goti. Alikuwa na la kusema na lilikuwa refu, tukaliona tangu mbali, na kwa mara ya kwanza tangu nilijue benchi hili hakuna aliyeingiza neno lake.

— Mimi watu w... wananimalizia, akasema. Nikienda dukani, muuzaji ananimalizia. Mteja wa geti ananimalizia, ananimalizia vibaya, namchomelea geti alilosema yeye. Mke wangu naye hunimalizia, kwa upendo. Sikasiriki. Watu wana kazi zao. Lakini huyu mtoto, tangu anajua kusema, ha... hajawahi kunimalizia. Hata alipokuwa mdogo hivi. Anangoja. Nampigia simu sasa huko aliko, tunaongea maneno matano, nusu saa imekwisha, na yeye yuko hapo, namsikia a... anapumua.

Akainyanyua simu yangu kidogo.

— Sasa atakaa na huyu. Usiku na mchana, akinikumbuka, anamfungua huyu, anasema bila shida. Akishamzoea, halafu n... nikampigia mimi.

Neno lililofuata likamkataa. Hakuna aliyelitafuta kwa niaba yake. Mama Birika alikuwa ameshika mfuniko wa birika hewani.

— Atanisubiri?

Nilimtazama Desimali, mwenye jawabu la kila kitu. Alikuwa anajitazama viatu. Sindano akaokota uzi kwenye suruali yake, uzi ambao mimi sikuuona. Nami, ambaye sijawahi kukosa neno la kumrudishia mtu, mzee au kijana, niligundua nimekaa na kikombe kitupu nakizungusha.

Mzee akatungoja kwa muda wa kutosha. Ana uzoefu. Kisha akanirudishia simu.

— Basi kama ham... hamjui, mpelekee ndefu. Yote. Na hiyo keki uitoe, sikuona keki siku ile, nilikuwa namwona yeye.

— Sawa, mzee.

— Na hii fupi usiifute. Niwekee mimi.

— Ya kukaa nayo nyumbani? Mama Birika akauliza.

Fundi Geti akatabasamu taratibu, kama mtu aliyeweka kitu akiba miaka mingi.

— Nina sh... shemeji yangu mmoja, akasema. Tangu nimeoa dada yake hajaniacha nimalize neno. Namwalika Jumapili, namkalisha kwenye kiti, namwekea hii. Nataka nione ataingilia wapi.